Je, Kumkalisha Kiziwi Darasani Kwatosha?

Ndugu msomaji, yako matendo ambayo kwa nje huonekana kuwa ni uadilifu, lakini ukiyapima vema hukuta yamepungukiwa. Mojawapo ni kumkaribisha mtu mahali, kisha kumwacha peke yake humo humo alimokaribishwa.

Katika chuo cha dini nilikofundisha ugenini alikuja mwanafunzi kiziwi kati ya wenziwe wenye kusikia. Nilimpa kiti cha mbele, nikaona wajibu wangu umekwisha. Nilikuwa nikisema huku nikiandika ubaoni, nimempa mgongo; wenziwe wakijibu kutoka nyuma, naye asijue ni nani asemaye. Siku moja nilimwandikia: "Umefahamu somo?" Akaniandikia: "Nimefahamu kwamba mmecheka mara tatu. Sikufahamu mmecheka nini." Nilifedheheka kuliko kama angenilaumu.

Huenda ukasema: mwalimu amewatendea wote sawasawa, kwani sauti ni ile ile na ubao ni ule ule. Lakini je, kuwapa watu wote kitu kile kile ndio uadilifu? Amgawiaye mkate mkavu mgonjwa asiyeweza kutafuna, amegawa sawa, lakini hakumlisha. Haki ya mwanafunzi si kiti. Haki yake ni elimu.

Huenda tena ukasema: basi na ajifunze kusoma midomo yetu. Jibu hilo si geni. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, ambao karibu wajumbe wake wote walikuwa wenye kusikia, uliamua kwamba usemi wa mdomo utangulizwe mbele ya lugha ya alama. Matokeo yake, katika nchi nyingi watoto walikatazwa kusema kwa mikono shuleni. Ilipita miaka 130 hadi mkutano kama huo huko Vancouver, Kanada, mwaka 2010, ulipoyakataa maazimio yale na kuonyesha masikitiko. Nawe waweza kujionea: simama mbele ya kioo, utamke "baba" kisha "mama" bila kutoa sauti. Je, midomo imekuonyesha tofauti?

Iko njia iliyo bora. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, kwa vizazi vingi walizaliwa viziwi wengi kuliko kawaida. Huko wenye kusikia nao walijua lugha ya alama, wakaitumia katika shughuli zao za kila siku. Kiziwi hakuwa mgeni kwao, kwa sababu jirani zake walivuka wakamfuata alipo.

Hoja yenyewe ni hii: mwenye kusikia ana njia mbili, sikio na jicho, kiziwi anayo moja. Basi ni nani yampasa kumfuata mwenziwe? Nasi tulianza hivyo. Nilisema nikiwaelekea wanafunzi, nikampa maandishi ya somo mapema. Kila mmoja aliinua mkono kabla ya kusema. Na yule kiziwi akatufundisha alama zake, tukianza na salamu. Aliyekuwa amesahauliwa akawa mwalimu wetu.

Sura Abasa katika Kurani Tukufu yatukumbusha kipofu aliyekuja kutafuta mafundisho, kwamba asipuuzwe kwa ajili ya wakubwa. Basi ewe msomaji, katika darasa lako, mkutano wako na nyumba yako, mtafute aliyekaa kati yenu naye hayumo. Mwenyezi Mungu atujalie kuwafikia wenzetu pale walipo. Amin.