Kufuga na Kufunga

Kiswahili kimeyaweka karibu mno maneno haya mawili, kufuga na kufunga. Herufi moja tu huyatenga, na mtu huivuka asijue.

Nilipokuwa kijana mjini Mwanza, mtu mmoja alinipa mtoto wa tumbili. Sikuuliza mama yake alikuwa wapi. Nilimfunga kamba kiunoni, nikamlisha ndizi na uji, akalala begani mwangu, nami nikaamini kwamba namfuga. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumbili hakuijua methali hiyo. Alipopevuka alimng'ata mdogo wangu mkononi. Tukampeleka kwenye majabali ya ufukweni, tukamfungua, tukamwacha. Siku ya tatu tulimkuta ameketi mlangoni petu. Nyumbani wakasema, "Tazameni anavyotupenda." Nami nilifurahi.

Sheria ya nchi iko wazi. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Asiye na leseni hana haki ya kumweka uani kwake. Lakini leseni hujibu swali la mwenye nyumba, anayeuliza kama ameruhusiwa. Swali la mnyama ni jingine. Kisiwa cha Saanane, kilicho mbele ya mji wetu, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Wanyama wa bustani ile waliwekwa pale kihalali kabisa. Je, uhalali huo uliwapunguzia upweke?

Jibu nimelitafuta katika kisiwa kingine cha ziwa lilo hilo, Rubondo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na shirika lake la uhifadhi la Frankfurt walileta humo sokwe 17 kutoka Ulaya, wengi wao wakiwa wametoka katika bustani za wanyama na sarakasi. Asili yao haikuwa kisiwani humo, hivyo hata uhuru waliopewa ulikuwa wa ugenini. Waliachiwa pasi na kufunzwa lolote. Wengine waliwashambulia watu, na madume wawili wakapigwa risasi: mazoea tuliyowapa sisi yakalipwa kwa roho zao. Waliosalia walijifunza matunda ya msitu, wakajenga malazi ya matawi juu ya miti, wakazaa. Vizazi vyao vilikuja kumkwepa binadamu.

Kwa nini wao hawakurejea milangoni petu kama tumbili wangu? Maji yaliwazuia, ni kweli. Lakini naona sababu kubwa zaidi: waliachiwa wakiwa pamoja. Tumbili wangu aliachiwa peke yake. Hakuwa na wa kumwonyesha tunda lipi huliwa, wala wa kumlilia tai anapopita. Miaka mingi ilipita ndipo nikafahamu kwamba hakurudi kwa mapenzi. Alirudi kwa kuwa nilikuwa nimemnyima pengine pa kwenda.

Mtu mwema atasema, "Nitamnunua kwa muuzaji ili nimwokoe." Nia hiyo naiheshimu, lakini fedha yake humtuma mwindaji arudi msituni, na mara nyingi mtoto hapatikani ila mama auawe kwanza. Anayetaka kuokoa na awaarifu maofisa wa wanyamapori.

Kuku naye hufugwa, na jioni hurudi bandani mlango ukiwa wazi. Ila yeye huwakuta humo wenziwe. Hapo ndipo naiona ile herufi moja. Yule ambaye hawezi kuwa wetu mpaka kwanza apotezewe walio wake, huyo hatumfugi.

Tumbili wangu alimalizia siku zake juu ya paa letu. Hatukumtia kamba tena, haikuhitajika.