Jua la Asubuhi Ni la Nani?

Usiku mmoja wa Oktoba nilisimama mbele ya misonobari ya jirani yangu nikiwa na panga mkononi. Panga lenyewe nilipewa pamoja na jembe na madumu ya maji nilipopokewa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2009, nikitokea Uvira, Kongo. Nilijua la kufanya. Msonobari ukichunwa ganda kulizunguka shina hufa umesimama, wala hauchipui tena kama mkaratusi. Miti ilikuwa kumi na minne. Ningemaliza kabla mwezi haujatoka.

Tunaishi Juru, moja ya kanda tatu za makazi haya, pamoja na Base Camp na Rubondo. Katikati ya viwanja vyetu kuna kipande ambacho wanawake wanane tunakilima kwa pamoja: lengalenga, maharage, vitunguu, na mahindi kidogo. Upande wa mashariki anakaa mzee mmoja fundi cherehani, Mwislamu wa Buyenzi, Bujumbura. Mwaka 2018 alileta miche kutoka Mbarara akaipanda mpakani kwa mstari mmoja. Huku karibu na ikweta jua la mchana hupita utosini, kivuli hakimwonei mtu. Kinachopotea ni jua la asubuhi. Miti ilipolipita paa la nyumba yake, matuta yetu matatu ya kwanza yakawa hayaoni jua mpaka saa nne. Mvua za wilaya yetu ya Isingiro si za kutegemea, na manyunyu yaliishia juu kwenye majani yale kama sindano. Majani yaliyoanguka yalitanda juu ya udongo, hayaozi upesi. Mahindi ya matuta yale yalitoka membamba, hayana hata bua la kumpa mbuzi.

Usiku ule sikuzuiwa na upole. Nilizuiwa na swali: nakata kwa haki gani? Mwenye shamba angejibu haraka, lakini mimi si mwenye shamba, na mzee naye si mwenye shamba. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006, na kanuni zake za 2010, zinaturuhusu kulima na kufuga kwenye viwanja tulivyogawiwa. Kuuza au kupangisha haturuhusiwi. Ardhi ni ya serikali. Hata msonobari si mwenyeji. Aina zinazopandwa Uganda asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mgeni alikuwa amepanda mgeni, akamzibia jua mgeni. Nikarudi nyumbani, nikaliweka panga nyuma ya mlango.

Mimi ni katekista, na katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, kuna neno ambalo nimelifundisha mara nyingi bila kulisikia vizuri. Mungu anasema nchi isiuzwe moja kwa moja, kwa kuwa ni yake, na wanaoikaa ni wageni na wapitaji kwake. Zamani niliwasomea wakimbizi wenzangu neno hilo kama faraja: tusiumie kukosa ardhi, maana hakuna aliye nayo. Nilikosea mahali pa kulielekeza. Walioambiwa vile hawakuwa watu wasio na kitu. Walikuwa watu wanaoandaliwa kugawiwa nchi, kila ukoo fungu lake. Neno lile ni mzigo kwanza kwa mwenye fungu, hata likiwa dogo kama kiwanja cha Juru.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa limekaa vibaya. Nilikuwa nauliza mpaka ni wa nani. Wageni wawili waliolala katika nyumba moja hawagombei ukuta. Kila mmoja hujiuliza mwenye nyumba angependa mgeni mwenzake atendewe nini. Na mwenye nyumba huyu, kama Yesu alivyofundisha mlimani, huwachomozea jua lake wema na wabaya. Mti unaolizuia jua hilo lisimfikie mwenzako una neno la kujibu, awe nani aliyeupanda. Lakini panga la usiku nalo lina neno la kujibu.

Kesho yake nilipiga hodi. Mzee aliacha cherehani, akanipa kiti. Nilimweleza habari ya matuta, na habari ya panga pia sikuificha. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mama Katekista, ardhi hii siwezi kuiuza. Kiwanja nitakiacha kama nilivyokikuta. Mti ndio kitu pekee ninachoweza kuuza. Wajukuu wangu wana nini kingine kwangu?"

Hapo nilielewa kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakitazama bila kukiona. Kwa mtu asiye na hati, mti ni hati.

Halafu yeye mwenyewe, bila mimi kumwuliza, akanisimulia kisa alichofundishwa madrasa, kilichomo katika kitabu cha hadithi cha Sunan Abu Dawud. Sahaba Samura bin Jundub alikuwa na mitende ndani ya bustani ya mtu wa Madina, na kila alipoiendea alimsumbua mwenye bustani na watu wa nyumbani mwake. Aliombwa auze, akakataa. Aliombwa abadilishane, akakataa. Mtume akamwomba aitoe kwa ahadi ya malipo mema, akakataa. Ndipo akaambiwa kwamba yeye ni mwenye kudhuru, na mwenye bustani akaruhusiwa kuing'oa. Mzee alikitoa kisa kile kikiwa kinamhukumu, wala hakukipunguza.

Mimi nilisikia kilichonihukumu mimi. Kabla ya kung'oa kulikuwa na kuombwa mara tatu. Sisi wanawake wanane hatukuwa tumempelekea ombi hata moja. Tulikuwa tumelalamika kisimani, kanisani na kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwake hatukufika.

Tukamwendea na ombi. Akate tisa iliyo mkabala na matuta, nguzo zake auze mwenyewe, nasi tumpe tuta moja upande wa magharibi na debe la maharage kila msimu kwa miaka mitano. Atabaki na mitano ya kwenye kona, ambako kivuli kinaangukia njia. Aliomba siku tatu za kufikiri. Siku ya nne tulisikia shoka.

Wapo watakaosema maneno haya ya ugeni yanamfundisha mkimbizi kunyamaza. Hapana. Ninapoenda Mbarara kununua mbegu, napita kwenye kuta ndefu zenye miti imepangwa mistari ndani yake, na neno la Walawi halinyamazi pale. Mwenye hati ndiye aliyeambiwa kwanza. Mimi namdai yeye kama jirani zangu wanavyonidai: asiseme "changu" kwa namna inayomtia mwenzake gizani.

Kumi na minne imebaki mitano, nayo inakua. Baada ya miaka kadhaa kivuli chake kitalifikia tuta la vitunguu. Kama mzee na mimi tutakuwa bado tuko hapa, itatupasa tuanze tena: kuomba mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu.