Anayevuka Peke Yake

Wanangu, siku hizi mnasafiri sana peke yenu, na mimi hilo silipingi. Kijana mwenye nauli yake na akili zake aende Mafia akawaone papa potwe kati ya Oktoba na Machi, aende Pemba, aende Ukerewe. Ila safari ya kisiwani si safari ya basi. Basi likijaa kupita kiasi, unagonga bati unashuka kituo kinachofuata. Chombo kikishang'oa nanga, umeshakubali kila kilichofanyika pale bandarini.

Mimi nilivuka peke yangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, msichana niliyetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa shule Mafia. Wakati ule wengi tulipitia bandari ya Kisiju. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, na majahazi yalingoja maji yajae ndipo yapate kutoka kwenye mikoko. Tulipelekwa jahazini kwa kidau, tukakuta magunia ya unga, madebe ya mafuta ya taa, mabati, na saruji nyingi ya mfanyabiashara mmoja.

Kabla ya tanga kutwekwa, nahodha aliteremka kwenye kile kidau, akazunguka jahazi lake polepole. Akaweka kiganja ubavuni, akapima kwa shibiri kutoka usawa wa maji hadi ukingoni. Akapima omoni, akapima tezini. Kisha akasema saruji ishuke. Mwenye saruji akaja juu: ameshalipa, na duka lake halina kitu. Nahodha akamjibu bila kupandisha sauti, "Umenilipa mimi, hukuilipa bahari." Mifuko ikateremshwa. Akapima tena, akasema bado, na safari hii wakashuka watu, wangojee chombo cha kesho. Maji yalikwisha kuanza kupwa, na kila mtu alijua tukikawia tutalala kwenye tope. Hilo halikumharakisha.

Nikiwa nimejibanza na sanduku langu, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akirudi kwao Jibondo alinivuta nikae upande wa wanawake. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia, halafu akaanza: binti wa nani, umetoka wapi, unakwenda kwa nani, nani anakupokea Kilindoni, huko Mafia? Vijana wa leo mkiulizwa hivyo mnaona mnapekuliwa. Yule mama hakuwa akinipekua. Alimwita nahodha akamwambia, huyu ni mwalimu wetu, jina lake hili, anapokelewa na mwalimu mkuu. Tangu hapo kulikuwa na watu wawili chomboni ambao wangejua kwamba sipo, endapo ningekuwa sipo.

Si kila chombo kina nahodha na mama wa namna hiyo. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 600, na uchunguzi ukaja kukuta walikuwemo zaidi ya 2,000. Idadi ya kwanza iliyotangazwa na ile ya mwisho zilipishana sana, maana hapakuwa na orodha ya kuaminika ya waliopanda. Nalirudia hili makusudi. Watu walikufa, na baada ya kufa ikabidi watafutwe hata katika hesabu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa abiria 101, kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, na waliokufa walizidi 220. Gati lilikuwa linaonekana kwa macho.

Sasa mtu akisafiri na wenzake, chombo kikijaa atatokea mmoja wa kusema jamani tushukeni. Aliye peke yake hana wa kumshika mkono. Atatazama abiria wengine, ataona wametulia, naye atatulia, kumbe kila mmoja wao anamtazama yeye. Ndiyo maana nawaambia uamuzi huo ufanyeni nyumbani, kabla hamjauona umati wala kulipa nauli. Wekeni akiba ya kulala usiku mmoja zaidi bandarini. Kijana aliyekwenda na pesa ya nauli peke yake hawezi kushuka hata moyo wake ukimwambia ashuke, na wengi nawajua wa namna hiyo.

Msitegemee simu. Nje kule mtandao hukatika, na simu iliyoingia maji ya chumvi haimpigii mtu. Mpigieni mwenyeji wenu kabla ya kupanda, mtajieni jina la chombo na saa ya kuondoka, na mjue yeye ndiye atakayekwenda kuuliza msipofika. Miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, waulizeni wavuvi habari za bahari kabla ya kumuuliza mkata tiketi, kwa sababu mvuvi hana kiti cha kuuza.

Na tiketi iandikwe jina lako. Si la binamu yako aliyeahirisha safari akakupa yake kwa bei nafuu. Ukiwa na mtoto, naye aandikwe, hata kama halipiwi. Ukimwona karani ameandika jina la mtu mmoja kisha akaongeza "na wenzake", simama hapo hapo dirishani, umsihi kwa adabu aandike majina yote, na foleni iliyo nyuma yako ingoje.