Jumamosi ya Mwanagofu Msabato

Mashindano makubwa ya gofu ya kulipwa huchezwa kwa siku nne, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, raundi moja ya mashimo 18 kila siku. Jioni ya Ijumaa, mashimo 36 yakishachezwa, hufanyika mchujo. Katika ziara ya Ulaya, ambayo mashindano ya Kenya Open yalijiunga nayo mwaka 2019, kwa kawaida hubaki wachezaji 65 wa kwanza pamoja na waliofungana na wa mwisho wao. Wengine hufunga mizigo bila kupata chochote, ilhali nauli, malazi na ujira wa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo, wameshagharamia wenyewe. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku ambayo jasho la mchezaji huanza kuwa pesa. Kwa Msabato, siku hiyo ni takatifu tangu jua lilipotua Ijumaa, na utakatifu wake hauishi mpaka jua litue tena.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira mgongano huu una uzito wa pekee. Waadventista Wasabato walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906. Mapema katika miaka ya 1910 wakapanda nyanda za juu za Gusii, wakaanzisha misheni Nyanchwa, kwenye kilima kinachotazama mji wa Kisii. Wakatoliki nao walikuwa wamejenga Nyabururu, lakini Usabato ulizama katika maisha ya Abagusii kiasi kwamba hata asiye muumini hupanga wiki yake akiufikiria. Msabato wa Nyamira mwenye shamba la chai hachumi majani Jumamosi hata yakiwa yamekomaa. Chakula hupikwa Ijumaa kabla ya machweo, nguo za ibada hupigwa pasi mapema, duka hufungwa. Mji huohuo wa Kisii una uwanja wa gofu wenye mashimo tisa. Kijana aliyelelewa katika imani hiyo, na mwenye mkono mzuri wa kupiga mpira, atalazimika kujiuliza kama kipaji chake kinaweza kuwa kazi.

Jibu la haraka ni kwamba gofu ni mchezo, na amri inakataza kazi. Jibu hilo halifiki mbali. Amri ya nne, katika kitabu cha Kutoka, inakataza kazi yote siku ya saba, na mchezaji wa kulipwa yuko kazini: analipwa kwa mikwaju yake, anakatwa kodi, analisha watoto kwa matokeo yake. Akirudi nyuma na kudai kwamba moyoni mwake bado anacheza tu, atakutana na Isaya sura ya 58, ambako nabii anawataka watu waache kufuata anasa zao wenyewe katika siku ya Mungu. Gofu ikiitwa kazi, Kutoka inaikataza. Ikiitwa burudani, Isaya anaizuia. Ndiyo maana Wasabato wengi hawacheki na hoja hii wala hawatafuti mwanya kati ya maneno hayo mawili.

Hata hivyo Biblia hiyohiyo inajua kazi zinazoruhusiwa. Makuhani walihudumu hekaluni siku ya Sabato bila hatia; ng'ombe aliyetumbukia kisimani huvutwa nje siku yoyote; na katika Marko sura ya pili Yesu anafundisha kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu. Muuguzi Msabato huingia zamu Jumamosi akiwa na dhamiri safi, kwa kuwa mgonjwa hawezi kusubiri. Kinachounganisha mifano hii ni uhitaji wa mwingine. Mpira uliolala kwenye nyasi hauna uhitaji wowote. Raundi ya tatu ikiahirishwa hakuna atakayeumia ila ratiba, na kwa mizani hiyo gofu haiingii katika kundi la kazi za huruma, hata mtu aipende namna gani.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya talanta. Katika Mathayo sura ya 25 mtumwa aliyefukia fedha ya bwana wake ardhini analaumiwa vikali, na wapo wanaosema kwamba mchezaji anayekataa Jumamosi anafukia alichopewa. Hoja hiyo inastahili jibu la kweli. Mfano ule unahusu mali ya bwana, na bwana aliyetoa talanta ndiye aliyetoa siku. Haiwezekani zawadi moja itumike kuivunja nyingine kwa jina la mtoaji. Zaidi ya hayo, historia ya gofu yenyewe inaonyesha kwamba kipaji hakimdai mtu maisha yake yote. Bobby Jones wa Marekani alishinda mataji yote manne makubwa ya wakati wake mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 28, kisha akaacha mashindano na kubaki mwanasheria. Hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Hakuna anayesema leo kwamba alipoteza kipaji chake.

Jones huyo ana jambo jingine la kufundisha hapa. Katika mashindano ya U.S. Open ya mwaka 1925 mpira wake ulisogea kidogo alipokuwa akijiandaa kuupiga. Akajitoza mkwaju mmoja wa adhabu, na mwisho akashindwa na Willie Macfarlane katika mchezo wa marudiano. Gofu humwachia mchezaji mwenyewe ajihukumu mahali ambapo mara nyingi hakuna refa wala shahidi. Mtu aliyezoea nidhamu hiyo hawezi kushangaa kwamba mwenzake anajihesabia kosa jingine, la siku badala ya la mpira.

Wanariadha wa Gusii hawabanwi na kalenda kwa kiwango hiki. Naftali Temu wa Nyamira alishinda mita 10,000 kule Mexico tarehe 13 Oktoba 1968, siku ya Jumapili, na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Hellen Obiri wa Kisii alishinda Boston Marathon mwaka 2023 na 2024, mbio ambazo hukimbiwa Jumatatu. New York, alikoshinda mwaka 2023, hukimbiwa Jumapili. Dini ya wanariadha hawa si hoja hapa, kalenda ndiyo hoja: mkimbiaji wa barabarani anaweza kujenga maisha mazima ya ushindi bila kugusa Jumamosi. Eric Liddell wa Uskoti alipokataa kukimbia mchujo wa mita 100 siku ya Jumapili, huko Paris mwaka 1924, alikuwa na mita 400 za kukimbilia, na akazishinda. Mwanagofu hana umbali mwingine. Raundi ya tatu ni robo ya shindano lenyewe, na asiyeicheza hana alama ya mwisho.

Lakini kalenda hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Hadi mwaka 1965 mashindano ya Open ya Uingereza yalimalizika Ijumaa, kwa raundi mbili katika siku moja, ili wachezaji wa kulipwa, ambao wengi walikuwa waajiriwa wa vilabu, wawahi kurudi kuwahudumia wanachama mwisho wa wiki. Kumalizika Jumapili kulianza mwaka 1980. Watazamaji na televisheni ndio waliosukuma siku hizo mbele, na uwanja wa kale wa St Andrews bado hufungwa Jumapili za kawaida. Mwandalizi anayesema kwamba haiwezekani kupanga vinginevyo anazungumzia faida yake.

Sheria ya Kenya inasaidia kwa kiasi. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa taasisi, ajira au huduma kwa sababu ya imani, na inakataza kulazimishwa kutenda kinyume cha imani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua upande wa Kanisa la Waadventista Wasabato katika kesi ya wanafunzi waliolazimishwa kuhudhuria masomo Jumamosi. Shule, hata hivyo, ni lazima kwa mtoto, na shindano ni hiari. Mwanagofu aliyejisajili akijua ratiba hawezi kudai kwa urahisi kwamba amelazimishwa.

Anayebanwa zaidi hapati nafasi ya kujisajili. Wachezaji kadhaa wa kulipwa wa Kenya, akiwemo Dismas Indiza wa Mumias, waliingia gofu wakiwa makedi, wakibeba mifuko ya wengine na kujifunza kwa kutazama. Katika vilabu vingi vya nchi Jumamosi ndiyo siku ya mashindano ya wanachama na wadhamini, na kwa hiyo ndiyo siku yenye mifuko mingi ya kubeba. Kedi Msabato hupoteza siku bora ya ujira, na pamoja nayo hupoteza kutazama, kufahamiana na wachezaji, na nafasi ya kupewa fimbo kuukuu. Mlango wa taaluma hufungwa miaka mingi kabla ya mchujo wowote, na hakuna gazeti linaloandika habari zake.

Amri, kama inavyorudiwa katika Kumbukumbu la Torati, inawataja mtumwa, mjakazi na mgeni, wapumzike kama bwana wao, kwa sababu Israeli nao walikuwa watumwa Misri. Hapo swali linamgeukia hata mchezaji tajiri anayeshika Sabato. Akijiondoa Jumamosi huku kedi wake akitafuta mfuko mwingine ili ale, pumziko lake limebaki nusu. Kumlipa kedi wake ujira wa siku hiyo ni sehemu ya amri, na wapo wachache tu wanaoihesabu hivyo.

Njia iliyobaki wazi kwa Msabato ni ya ualimu. Mchezaji wa kulipwa anayefundisha hulipwa kwa masomo, hupanga saa zake, na anaweza kufundisha siku sita. Atakosa wateja wengi wa Jumamosi, na hatawahi kuinua kombe la Kenya Open. Jumapili asubuhi, hata hivyo, wanafunzi wake watamkuta uwanjani.