Anayemngoja Bwana, Je, Aweke Jembe Chini?



Sisi wakimbizi tunajua kungoja. Tunangoja mgao, tunangoja amani kwetu, na zaidi ya yote tunamngoja Bwana. Ndiyo maana mtu akisema anaijua tarehe ya mwisho, tunamsikiliza upesi. Basi tujiulize: mwalimu wa unabii ana deni gani kwa wale wanaomwamini?

Tumtazame William Miller wa Marekani, mkulima aliyezaliwa mwaka 1782. Mwaka 1816 aliokoka, akaanza kuisoma Biblia mstari kwa mstari. Zile siku 2,300 za Danieli 8:14 alizihesabu kuwa miaka, akaona kwamba Bwana atarudi karibu mwaka 1843. Alianza kuhubiri mwaka 1831, na mwaka 1836 akatoa kitabu. Maelfu walimwamini. Muda huo ulipopita, wenzake wakataja tarehe 22 Oktoba 1844, na mwishoni Miller naye akaikubali. Baadhi ya wakulima waliacha mazao shambani bila kuvuna. Usiku ukapita, kukapambazuka kama siku zote. Wengi walilia.

Miller alikiri waziwazi kwamba amekosea wakati, akaendelea kumngoja Yesu hadi alipofariki mwaka 1849. Wengine watasema: alikuwa mtu mnyofu, yatosha. Kweli, kukiri ni heshima, na si wote wanaokiri. Huko Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi moja walitangaza kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Waumini waliuza mali zao. Tarehe ikapita, na 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada.

Lakini hata kukiri kwa Miller hakukurudisha mavuno yaliyoozea shambani. Tarehe huwa ya mwalimu. Njaa huwa ya watoto wa msikilizaji. Unyofu wa moyo haumpi mtu ruhusa ya kutumia kesho ya wengine.

Tukumbuke wale waliochukuliwa mateka Babeli. Hanania alitabiri kwamba mateka watarudi ndani ya miaka miwili, na neno lake lilipendeza masikioni. Yeremia aliwaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao (Yeremia 28 na 29). Yeremia hakuwanyima tumaini. Aliwapa tumaini lenye kazi ndani yake.

Kwa hiyo, wapendwa, mtu akija na tarehe, tumwulize: siku ya pili yake, ni nani atakayewalisha watoto wetu? Tusiuze kadi ya mgao. Tusimtoe mtoto shuleni. Siku wala saa hakuna aijuaye, ila Baba (Mathayo 24:36). Tupande mihogo yetu, tuombe, tukeshe. Bwana akija leo, atukute shambani tukiwa tayari. Akikawia, watoto watakula.

Bwana awabariki. Amina.