Sangwini: Mtu wa Watu, Ahadi Nyingi



Leo tumtazame sangwini, yule mchangamfu kati ya hulka 4 walizozitaja waganga wa kale wa Kiyunani. Hii si imani ya Kanisa, ni kioo tu cha kujitazama.

Unamjua. Panda naye daladala kutoka Ngamiani hadi Raskazone: mkishuka, ameshajua jina la konda na habari za mama mwenye ndoo ya samaki. Kwenye VIWAWA, asipokuja, kikao kinapooza.

Nguvu zake

Anamkaribisha mgeni bila kuambiwa. Haogopi kuanza jambo. Anasamehe haraka, kinyongo hakikai. Hizo ni zawadi za Mungu, usizionee aibu.

Udhaifu wake

Anaahidi kuliko anavyotimiza. Anamwambia mgonjwa pale Bombo, "Kesho nakuja," na anamaanisha kabisa. Kesho kunatokea sherehe. Mgonjwa anautazama mlango mpaka muda wa kuona wagonjwa unaisha. Ahadi ni deni, jamani! Pia anaanza kozi 3 bila kumaliza hata moja, anapenda sifa, na kundi likikosea naye yumo. Kimya kinamtisha, ndiyo maana sala binafsi inamwia ngumu.

Mtazame Petro

Wengi humwona Mtume Petro kuwa wa hulka hii. Mvuvi, mdomo mwepesi. Anashuka chomboni kumfuata Yesu juu ya maji, akiona upepo anaanza kuzama. Anaahidi kufa na Bwana, na usiku uleule anamkana mara 3, tena mbele ya kijakazi.

Yesu alifanya nini? Hakumgeuza kuwa mtu mkimya. Alimuuliza mara 3 kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo wa kulisha. Siku ya Pentekoste mdomo uleule uliomkana Bwana ulihubiri, wakabatizwa watu wapatao 3,000 (Mdo 2). Yaani Mungu haui hulka yako, anaifundisha uaminifu.

Kazi zinazomfaa

Zile za kukutana na watu: kuongoza watalii kwenye Mapango ya Amboni au Pangani, mauzo, utangazaji wa redio, ualimu, uuguzi, ustawi wa jamii. Na wito je? Usidhani utawa ni wa wapole peke yao. Parokia inahitaji padre, sista na katekista anayejua kucheka na watu. Kazi ya kukaa peke yako na mahesabu kutwa nzima unaiweza, ila itakudai nidhamu zaidi. Kumbuka, hata kazi inayokufaa itakushinda kama neno lako haliaminiki.

Fanya hivi wiki hii

1. Kumbuka ahadi moja uliyoiacha njiani. Itimize kabla hujatoa nyingine.
2. Kaa dakika 10 mbele ya Ekaristi Takatifu, simu imezimwa.
3. Tafuta rafiki mmoja atakayekuambia ukweli, na usimkasirikie.

Tusali

Ee Yesu, umenipa moyo wa kupenda watu. Nipe na miguu ya kufika kule nilikosema nitafika. Yule anayenisubiri leo, asinisubiri bure. Amina.

Mtakatifu Petro, utuombee. Ubarikiwe!