Mgeni Asiyekula

Tuseme kijana mmoja wa Kilindoni ameletewa chatu mchanga kutoka upande wa Rufiji. Nyoka amevushwa kwa boti toka Nyamisati, ndani ya tenga lililofungwa kamba, na sasa yumo sandukuni, uani. Siku ya kwanza anawekewa panya, hamtazami. Siku ya tatu ni vivyo hivyo. Siku ya saba kijana amepiga magoti mbele ya sanduku, panya kamshika mkiani, karibu amsihi nyoka: mbona huli?

Wajuao nyoka wana jibu fupi: mwache. Chatu hapati joto lake kutokana na chakula kama sisi, hulipata nje, juani na ardhini. Kwa hiyo mahitaji yake ni madogo, na akiwa na afya aweza kukaa wiki kadhaa bila kula asidhurike. Aliyehamishwa huogopa kwanza. Apewe maji safi, mahali pa giza pa kujificha, na joto la kutosha kusaga chakula tumboni. Asishikwe-shikwe kwa muda wa wiki moja. Kisha, usiku, aletewe panya asiyezidi unene wa kiwiliwili chake. Akimkataa, panya aondolewe, kwani panya hai akiachwa humng'ata nyoka. Macho yakiingia ukungu, anakaribia kujivua ngozi, na wakati huo aghalabu hali. Kumsukumia chakula kinywani ni kumjeruhi. Akikonda, aonwe na daktari wa mifugo.

Hayo ni ya mwili. Lakini kuna swali jingine, msomaji: katika ua ule, mwenye wasiwasi ni nani? Nyoka ametulia. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa mwenye shibe ndiye ahangaikaye. Kwetu pwani chakula ni muhuri wa makaribisho. Mgeni akila, mwenyeji hupumua. Akikataa, mwenyeji huona aibu. Kijana anataka chatu ale ili ajione kuwa ni mwenyeji, si mfungaji. Ila mgeni hupiga hodi, na huyu hakupiga. Alichukuliwa. Chakula apewacho aliyefungwa si ukarimu, ni deni.

Katika Hadithi za Mtume tunasimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhini. Wengi wetu hukumbuka njaa ya paka tukasahau kwamba mwanamke yule alikuwa na milango miwili, kulisha au kuachia. Kijana wetu ameujaribu wa kwanza, na umefungwa kwa ndani. Umebaki wa pili.

Atasema mtu: ngojeni, mwishowe atakula. Ni kweli, wengi hula. Lakini akila, je, swali litakuwa limejibiwa? Hata mfungwa hula. Kula kwake kutaonyesha kwamba hofu imepungua au njaa imezidi. Hakutaonyesha kwamba ameridhia sanduku. Hatari ni kwamba siku atakapomeza panya wa kwanza, sisi tutafurahi, na swali tutalisahau. Afadhali liulizwe sasa, angali amegoma.

Na kuachia nako kuna adabu yake. Kumtupa minazini Mafia ni kuwatwisha wengine mzigo: kuku wa jirani, na viumbe wa kisiwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo hairuhusu mtu kumfuga mnyamapori bila kibali. Basi njia ya haki ni kuwapelekea habari maafisa wa wanyamapori, ili arudishwe ng'ambo ya maji, alikotolewa.

Kijana atasikitika, maana alikwisha kumpenda. Lakini kumpenda kiumbe si kusubiri ale mkononi mwako. Pengine ni kukubali kwamba chakula chake, na giza lake, na usiku wake, viko mahali ambapo wewe hupo.